Nje ya nchi inaanzia Tunduma: mwongozo kamili wa utarajali wa uandishi wa habari ugenini

Kila vyuo vinapokaribia kufunga, simu yangu hujaa meseji za vijana wa Iringa na Mbeya wenye swali lilelile: "Dada, nitapataje fildi nje ya nchi?" Nikiuliza nje wapi, jibu ni London. Nikiuliza umeshaandika nini mpaka sasa, kimya.

Mimi ni mtu wa Tukuyu. Uandishi nimeusomea Iringa, redio nimeifanyia Mbeya. Utarajali wa ugenini, yaani fildi ya kujifunza kazi kwenye chumba cha habari cha nje, nimeufanya mara mbili: wiki sita Lusaka, kisha miezi mitatu kwenye idhaa ya Kiswahili ya shirika moja la Ulaya. Ule wa pili usingekuwapo bila ule wa kwanza, na ule wa kwanza niliupata kwa sababu ya malori ya Tunduma, mpakani kwetu na Zambia. Nitaeleza.

Kabla ya yote: jua unachouza

Mhariri wa ugenini hana njaa ya cheti chako. Wenye vyeti anao tele mtaani kwake, tena wanalala kwa wazazi wao na hawahitaji viza. Anachokosa ni mtu anayejua mahali ambapo yeye hapajui.

Chukua mfano wa mwaka 2025. Mwezi Machi Malawi ilizuia kuingiza mchele, mahindi, unga, tangawizi na ndizi kutoka nje. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, na ya Afrika Kusini pia, ambayo ilikuwa imezifungia mlango ndizi zetu. Siku chache baadaye zuio letu likaondolewa. Sasa fikiria mhariri wa gazeti la Blantyre ambaye wiki ile ana kijana wa Kyela mezani kwake: anayejua mkungu unanunuliwaje shambani Rungwe, gari anakodi nani, dalali anakula wapi, na ni nani wa kumpigia simu pale mpakani Kasumulu alfajiri kabla malori hayajaanza kusogea. Kijana huyo hata Kiingereza chake kikiwa cha kuungaunga, atapewa kiti.

Nyanda za Juu Kusini tumekalia mali ya namna hiyo. Ruaha Mkuu unaokauka kiangazi tangu miaka ya 1990, huku mashamba ya mpunga ya Usangu yakinywa maji yake juu kabla hayajafika hifadhini. Parachichi za Njombe na Rungwe zinazoliwa Ulaya. Chai ya Mufindi. Shaba ya Zambia na Kongo inayopita Tunduma, Mbeya na Iringa, ishuke Kitonga kuelekea bandarini. Chagua mambo mawili tu, uyajue mpaka kwenye mifupa. Anayejua yote kwa juujuu hana tofauti na mtu mwenye bando.

Ya pili unayouza ni Kiswahili chenyewe, na hapo tutarudi, maana nilidhani ninacho.

Hatua ya kwanza: kusanya kazi, si vyeti

Unahitaji kazi tano nzuri. Tatu zinaweza kutosha. Ishirini ni usumbufu kwa anayesoma. Kama uko chuo Iringa au Mbeya, usisubiri fildi ya mwaka wa mwisho. Stesheni zipo: Ebony na Nuru kule Iringa, Bomba, Baraka na Highlands hapa Mbeya, na redio za wilayani ambazo huwa na njaa ya habari kuliko za mjini. Nenda na wazo mkononi, omba kuandaa ripoti moja ya dakika tatu. Wengi watakukubalia kwa sababu hawakulipi.

Ukishairusha, ichukue siku hiyohiyo. Hili nalisema kwa uchungu. Nilifanya redio miaka miwili, na nilipotaka nakala za ripoti zangu ili niziambatishe kwenye maombi, fundi mitambo akaniambia kompyuta ilijaa na "vitu vya zamani" vikafutwa. Zilizobaki ni nne, na moja ilikuwa kwenye simu ya rafiki yangu aliyeipenda kwa sababu ya wimbo uliopigwa mwanzoni. Weka nakala kwenye barua pepe yako, weka kwenye flashi, weka na kwa mama nyumbani.

Usiweke habari za semina. Unazijua: mkuu wa wilaya awataka wananchi, mkurugenzi awaasa vijana, mdau apongeza. Habari ya namna hiyo ukiituma nje, mhariri anajua palepale kwamba ulikwenda kwa sababu kulikuwa na soda na bahasha. Weka kazi ambayo ndani yake kuna mtu wa kawaida mwenye jina, jambo lililomkuta, na upande wa pili uliotafutwa ukajibu au ukakataa kujibu. Chini ya kila kazi ya Kiswahili andika mistari mitatu ya Kiingereza: inahusu nini, ulifanya nini wewe mwenyewe, ilirushwa lini.

Kama umeshahitimu na unafanya kazi hapa nyumbani, kumbuka pia suala la ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa mwandishi, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Nakala ya kitambulisho chako cha uandishi husaidia; wageni wanaamini plastiki kuliko maneno.

Hatua ya pili: majina yafanane

Hii anza leo, hata kabla hujajua unakwenda wapi. Pasipoti ya Tanzania huombwa mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, halafu unakwenda na fomu na viambatisho kwenye ofisi ya uhamiaji ya mkoa. Gharama ni shilingi 150,000: 20,000 ya fomu na 130,000 ya kitabu. Inadumu miaka 10. Unahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, cheti chako cha kuzaliwa, na ushahidi wa uraia wa mzazi, yaani cheti chake cha kuzaliwa au kiapo.

Pesa haisumbui kama majina. Mtu anaitwa Mwakalinga kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwakalinge kwenye cheti cha kidato cha nne kwa sababu mwalimu aliandika alivyosikia, na NIDA wamemwandika jina la babu katikati. Kwetu huyo ni mtu mmoja. Kwa afisa wa viza ni watu watatu. Langu lilipishana herufi moja, na herufi hiyo ilinila miezi miwili na safari za mwanasheria, kiapo na barua ya mtendaji wa kata. Toa vyeti vyako vyote kwenye bahasha usiku huu, uvipange kitandani, usome jina herufi kwa herufi. Ukikuta kasoro, anza kuirekebisha NIDA, na RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, kwanza, pasipoti ifuate. Ukifanya kinyume, utalipia pasipoti mara mbili.

Hatua ya tatu: chagua mlango unaofunguka

Milango ninayoijua ni mitatu, na inapishana kwa ugumu.

Wa kwanza ni wa jirani. Zambia na Malawi hazimdai Mtanzania viza ya kutembelea, Kenya vivyo hivyo. Zambia kuna Times of Zambia, Zambia Daily Mail na News Diggers. Malawi kuna The Nation na Daily Times, yote mawili ya Blantyre. Lugha ya kazi ni Kiingereza, na hilo ndilo linalowatisha vijana wetu, ingawa Kiingereza cha gazetini huko ni chepesi kuliko cha vitabu vyetu vya chuo. Ila sikiliza: kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi. Mwenyeji wako akuandikie barua, uipeleke uhamiaji wa nchi hiyo waseme ni kibali gani kinachohitajika kwa muda wako. Kenya kuna la ziada: kadi ya mwandishi hutolewa na Baraza la Habari la nchi hiyo, na mgeni wa muda mfupi naye anaihitaji. Mwandishi asiye na kibali akikamatwa kwenye maandamano, haitwi mwandishi tena.

Mlango wa pili ni idhaa za Kiswahili. Hapa ndipo Mtanzania anapowazidi wengine. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957 na sasa kazi yake kubwa inafanyika Nairobi. Redio China Kimataifa ilianza 1961, iko Beijing. DW ya Ujerumani ilianza 1963, iko Bonn. RFI ya Ufaransa ilianza 2010 pale Dar es Salaam, baadaye ikahamia Nairobi. Kuna NHK ya Tokyo, Redio Vatican ya Roma, na dawati la Kiswahili la Umoja wa Mataifa New York. Sauti ya Amerika wengi wetu tumeikulia, lakini tangu Machi 2025 serikali ya Marekani ilipositisha matangazo na kuwapeleka watumishi likizo, usiiweke juu ya orodha yako. Kila shirika lina utaratibu wake. Soma ukurasa wa ajira wa shirika lenyewe, wala usisome tangazo lililosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Mlango wa tatu ni programu kubwa zenye mashindano. Utarajali wa Umoja wa Mataifa ni wa miezi miwili hadi sita, kwa walio mwaka wa mwisho wa shahada au waliohitimu ndani ya mwaka mmoja, na haulipi: nauli, viza na chakula ni juu yako. New York bila mshahara si mchezo. Ukisikia mtu wa ukoo anaishi New Jersey, huo ndio wakati wa kumsalimia. Walioanza kazi tayari waangalie ufadhili wa Reham Al-Farra, wa Umoja wa Mataifa pia, unaowapeleka waandishi wa miaka 22 hadi 35 kutoka nchi zinazoendelea kwenye Baraza Kuu. BBC nao wana tuzo ya Komla Dumor, kumkumbuka mtangazaji wa Ghana aliyefariki Januari 2014. Mshindi hukaa London miezi mitatu. Waganda, Wakenya na Mzambia wameshaichukua. Hii haitaki mwanafunzi, inataka mtu mwenye kazi za kuonyesha.

Ushauri wangu? Piga mlango wa kwanza mwaka huu, wa pili mwakani. Anayeanza na wa tatu huwa anakaa nyumbani akisubiri majibu mpaka sifa ya "aliyehitimu karibuni" inamtoka.

Hatua ya nne: barua

Barua nyingi ninazoombwa kuzisoma zinaanza hivi: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwenye ari na ndoto ya kuwa mwandishi wa kimataifa." Mhariri anayepokea barua hamsini kwa wiki ameshaifunga. Haijamwambia chochote ambacho wale arobaini na tisa wengine hawakusema.

Hii ndiyo iliyonipeleka Lusaka. Niliiandika kwa Kiingereza, nawapa kwa Kiswahili:

"Mhariri, mimi ni mtangazaji wa redio Mbeya, mji ulio kilomita zipatazo 100 kutoka mpaka wenu wa Nakonde. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiripoti habari za madereva wa malori ya shaba upande wa Tunduma. Ninalisoma gazeti lenu, na bado sijamwona ndani yake dereva anayesubiri upande wetu. Nadhani nusu ya habari iko huku. Naomba wiki sita kwenye dawati lenu la biashara, kuanzia Julai 1. Sihitaji mshahara, na nina mahali pa kulala. Nimeambatisha kazi tatu, na hapa chini kuna mawazo mawili ya habari ninayoweza kuanza kuyafanyia kazi siku ya kwanza."

Basi. Haina ari wala ndoto. Ina mahali, muda, tarehe, na inamwondolea hofu mbili: mshahara na malazi. Ile sentensi ya "bado sijamwona" niliiogopa, nikaifuta mara tatu. Mhariri aliniambia baadaye kuwa ndiyo iliyomfanya asome mpaka mwisho, kwa sababu ilimuudhi kidogo.

Tuma kwa mtu, si kwa sanduku la "info". Jina la mhariri wa dawati utalipata ndani ya gazeti au mwisho wa kipindi. Usipojibiwa, andika tena baada ya wiki mbili, mistari miwili tu, na wazo jipya la habari. Mimi nilijibiwa kwenye barua ya tatu. Watu wa kwetu tunaona aibu kuuliza mara ya pili, tunahisi ni kuombaomba. Kule wanaona ndivyo mwandishi anavyofukuzia chanzo.

Hatua ya tano: mahojiano ya simu au video

Hapa nitapita haraka. Hakikisha saa. Ukiandikiwa 10:00 ya Ujerumani, kwetu ni saa sita mchana majira yao ya baridi, na saa tano asubuhi majira ya kiangazi, maana wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Na kumi hiyo isikupeleke kwenye saa kumi yetu ya jioni. Najua mtu aliyekosa nafasi namna hiyo, akaja kuketi mbele ya kompyuta kioo kitupu.

Umeme wa Mbeya unaujua mwenyewe. Chaji simu usiku, weka bando kwenye mitandao miwili, uombe chumba kwa mtu asiye na kuku. Watakuuliza swali moja lenye maana: "Ukija, utafanya habari gani?" Uwe na tatu.

Hatua ya sita: viza na pesa

Balozi karibu zote ziko Dar es Salaam, na alama za vidole unapeleka mwenyewe. Kwa hiyo bajeti ya mtu wa Mbeya ina mstari ambao mwenzako wa Sinza hana: basi kwenda Dar na kurudi, mara mbili au tatu, na siku za kulala kwa watu. Panga hilo mapema, uwaage wenyeji wako kwa heshima ili safari ya pili mlango usifungwe. Mchele wa Kyela kilo tano unasema mengi.

Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ya muda mfupi inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90, na hairudi ukinyimwa. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Watataka bima ya safari yenye kinga ya angalau euro 30,000, barua ya mwenyeji, taarifa ya benki, na uthibitisho kwamba utarudi. Muulize mwenyeji mapema ni aina gani ya viza, kwa maana nchi nyingine huhesabu utarajali kuwa kazi hata ukiwa chini ya siku 90. Marekani, njia ya kawaida ya mtarajali imekuwa viza ya J-1, ambayo huwezi kuiomba bila fomu DS-2019 kutoka kwa mdhamini aliyeidhinishwa, na lazima uwe bado mwanafunzi au uwe umehitimu ndani ya miezi 12. Lakini masharti ya Marekani siku hizi yanageuka kwa tangazo moja tu: kuanzia Januari 2026 walisitisha kuwapa Watanzania viza za aina hiyo. Soma tovuti ya ubalozi asubuhi ileile unayotaka kulipa.

Taarifa ya benki ndiyo inayowaangusha wengi. Ukoo unachanga, milioni nne zinaingia kwa siku moja, na afisa anaona akaunti iliyolala mwaka mzima ikiamka wiki ya viza. Anaita pesa ya kuazima, na mara nyingi hakosei. Kama shangazi na wajomba wanakuchangia, wape miezi, waweke kidogokidogo. Au mmoja wao mwenye biashara inayoeleweka akuandikie barua ya udhamini na aambatishe taarifa zake mwenyewe.

Uthibitisho wa kurudi: barua ya mwajiri au ya chuo inayotaja tarehe unayotarajiwa kuripoti. Mimi niliandikiwa kuwa Jumatatu fulani nitasoma taarifa ya habari ya saa moja asubuhi. Afisa aliuliza, "Na hii Jumatatu ni kweli?" Nikamwambia ndiyo, na mpangaji wa zamu ni mkali. Akacheka. Sijui kama ndicho kilichonipitisha.

Kuhusu mawakala

Kuna makampuni yanayouza utarajali. Mengi yalianzishwa kuwapeleka vijana wa nchi tajiri Ghana, Afrika Kusini na kwingineko, wanalipia malazi na usimamizi, na kwa wenye pesa zao si lazima iwe utapeli. Lakini kwetu yamezaa watoto wa kambo: mtu ana ofisi ya chumba kimoja, bango lenye bendera sita, anataka "ada ya usajili". Nilimpa mmoja shilingi 350,000. Nikapewa barua yenye nembo ya gazeti la nje, na jina la gazeti lenyewe limekosewa. Nilipouliza, akasema ni tahajia ya kule.

Chumba cha habari hakimtozi mtu pesa ili akiombe kazi. Kabla ya kutoa hata mia, mpigie au mwandikie mwenyeji anayetajwa, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, uulize kama anakujua.

Ukishafika: wiki mbili za kwanza

Kule Ulaya dawati letu lilikuwa na Mkenya, Mzanzibari na Mkongo wa Bukavu. Siku ya tatu nikapewa kusoma vichwa vya habari. Nikasoma kwa mbwembwe za Mbeya zote. Msimamizi, Mzanzibari mtu mzima, akabonyeza kitufe akasimamisha rekodi. "Mwanangu, hebu rudia hapo." Nikarudia. "Lais wa Jamhuli," akasema polepole, bila kucheka. "Ndivyo ulivyosema." Kinyakyusa hakina r, na ulimi wangu ulikuwa umekaa miaka ishirini na mitano bila mtu wa kuushtaki, kwetu wote tunasema hivyo, nani amsahihishe nani? Kwa wiki mbili nilikuwa nasoma gazeti kwa sauti chooni, kila r nikiikwaruza. Kwa hiyo kabla hujaondoka jirekodi, umpe mtu wa Tanga au Unguja asikilize. Mkubaliane asikuonee huruma.

Kikao cha asubuhi ndipo kazi ilipo. Kila mtu anakuja na wazo na engo yake, wanalipasua mbele yako, na hakuna anayekasirika. Sisi tumelelewa kutobishana na mkubwa. Nilikaa siku nne nikiitikia kwa kichwa, mpaka Mkenya akaninong'oneza: "Wanadhani huna la kusema." Siku ya tano nikasema wazo la Usangu na maji. Mhariri akaniuliza, "Nani anakataa?" Sikuelewa. Akamaanisha: katika habari hii, ni nani asiyekubaliana na mkulima uliyemtaja, na umeshampigia? Swali hilo la maneno mawili ndilo ninalojiuliza mpaka leo kabla sijafungua kinasa sauti.

Jambo jingine walilonifundisha ni fomu ya hatari. Kabla ya kwenda eneo lenye mvutano unaandika unakwenda wapi, na nani, utapiga simu saa ngapi, na usipopiga ni nani aanze kukutafuta. Wenzangu waliijaza kama fomu ya likizo. Mimi nilikumbuka Nyololo. Aliyesomea uandishi Iringa anajua: Septemba 2, 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi ya mkoa, aliuawa kijijini pale, Mufindi, akiwa kazini. Fomu ile nilikuja nayo nyumbani, nikaitafsiri, na dawati letu tunaitumia.

Mengine ni madogo ila yanauma. Usipokee zawadi wala "nauli" kutoka kwa unayemhoji; kule ni kosa la kukutoa mlangoni. Usinukuu kitu cha mtandaoni bila kukithibitisha kwa mtu. Ukichelewa dakika tano, piga simu. Baridi ya Novemba Ulaya haifanani na ya Makete: ya Makete ina jua saa nne. Na mtu asiposalimia asubuhi hajakununia. Mimi nimekulia kwenye "ugonile" ya kusimama na kuulizana habari za nyumbani mpaka za ng'ombe, na wiki ya kwanza nilidhani ofisi nzima imenikasirikia.

Andika kitu kila siku hata usipotumwa. Mtarajali anayesubiri kupewa kazi hupewa kuchapa nakala.

Wiki ya mwisho, na ya kwanza nyumbani

Kabla hujaaga, omba vitu vitatu kwa maandishi: barua ya uthibitisho yenye tarehe na kazi ulizofanya, ruhusa ya kutumia kazi zilizotoka kwa jina lako, na anwani ya mtu mmoja, si idara, atakayekujibu mwakani. Muulize mtu huyo swali hili ukiwa bado mbele yake: "Nikiwa Mbeya, ni habari gani mngependa niwatumie, na mnalipaje?" Kazi ya kuripoti kwa kujitegemea huanzia hapo. Ukishapanda ndege ni vigumu kuuliza.

Ukirudi, usilale wiki mbili ukisimulia theluji. Tuma wazo la kwanza ndani ya siku kumi, wakati sura yako bado wanaikumbuka. Langu lilikuwa la parachichi: niliziona dukani kule zikiuzwa mojamoja kama mayai, nikapiga picha ya bei, na niliporudi nikaipeleka kwa mama mmoja wa Rungwe anayeuza kwa kilo. Aliitazama ile picha muda mrefu, akaivuta simu karibu na macho. "Moja?" akauliza. "Au ni kwa kilo?" Nikawasha kinasa sauti.